Kuku Wawili wa Mpakani Murimani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata ungeweza kujitazamia uso. Mama yangu alikuwa ameipiga pasi suruali yangu mara mbili, na majirani zetu wa Shella, Malindi, walitoka vibarazani kunitazama nikienda kupanda basi la Kilifi. Mtoto wao anakwenda kuwa mpimaji wa ardhi wa serikali! Mwanzoni mwa miaka ya themanini jambo hilo halikuwa dogo. Nilijiona mkubwa, sina haja ya kuwaficha.

Afisa Mpimaji wa Wilaya alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwembamba, mgumu wa kucheka. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka polepole mpaka kwenye viatu, akatua hapo. Kisha akafungua kabati, akatoa rundo la chuma na kulibwaga mezani.

"Hii ni nini?"

"Mnyororo, bwana."

"Ni mnyororo wa kupimia. Mita ishirini. Kuanzia leo utaubeba wewe. Hivyo viatu mpelekee baba yako, avae sikukuu."

Nyinyi vijana mnaopima kwa vyombo vinavyoongea na setilaiti hamwezi kuujua uzito wa mnyororo ule. Ulikuwa wa vipingili vya chuma vilivyounganishwa kwa pete, na kila baada ya vipingili kadhaa palikuwa na kibati cha shaba cha kuhesabia. Watu wawili waliuvuta ukanyooka, mmoja kila upande, na aliyetangulia alichomeka kijiti cha chuma ardhini ulipoishia. Mwisho wa mstari ulihesabu vijiti, ukajua umetembea mita ngapi. Mbele yenu zilisimama fimbo za kulengea, zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, ili msiende upogo. Mwaka mzima wa mwanzo sikushika kingine, na mabega yangu yalilijua hilo kuliko mimi.

Afisa alinipa kanuni mbili siku hiyo hiyo. Ya kwanza ilihusu daftari la uwandani, yaani kile kitabu tunachoandikia vipimo papo hapo shambani. Tuliandika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ukiguswa na jasho au mvua. Lakini kufuta ilikuwa haramu. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika lililo sahihi kando yake, unatia sahihi yako. Kosa libaki linasomeka, aliyekosea ajulikane.

Kanuni ya pili aliitoa akiwa amekwisha kugeuka kuendelea na kazi zake.

"Na usile kwa mtu. Beba chakula chako. Mtu akikupa dafu, anataka hatua moja ya jirani yake. Akikupa kuku, anataka shamba."

Nikaishika kanuni hiyo kama nilivyoishika sala. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kuruwitu, chini ya Msimamizi wa Kikosi, mzee mmoja aliyeweza kuikadiria mita mia kwa macho na asikosee hata kwa urefu wa mkono. Kutoka hapo nikahamishiwa Matsangoni. Huko jua lilinichoma, watu wakaniletea madafu yaliyokwisha kuchongwa, na mimi nikayakataa yote nikamung'unya tende zangu na mkate wa mofa niliofungiwa na mama. Wakanibandika jina la Bwana Saumu. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nililipenda. Msimamizi aliponiandikia ripoti nzuri nikapandishwa cheo, nikawa mpimaji mwenye daftari langu mwenyewe, na Afisa akanituma milimani.

Watu wa mwambao tulikuwa tukisema "milimani" kama kwamba ni nchi nyingine. Gari la serikali lilituacha mbele ya Ganze, pale ambapo barabara iliamua kwamba imechoka, na kuanzia hapo tulipanda kwa miguu muda wa saa mbili, njia nyekundu yenye mawe, mpaka kijiji cha Murimani. Nilikuwa na mshika mnyororo wangu, Katana, Mgiriama wa Vitengeni, mtu wa maneno machache aliyenizidi umri na akili, ingawa wakati ule nilikiri la umri peke yake.

Tulipofika, wazee wa kamati ya ardhi walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Tuliletewa vigoda. Mwanamke mmoja akapiga magoti na kunipa maji katika kata, maji ya baridi ya mtungini. Nikasema, "Ahsante mama, nimebeba yangu," nikamwonyesha chupa yangu. Akatabasamu, akarudi nyuma na kata yake. Wazee wakazungumza nasi kwa adabu zote, na tukapatana kwamba kesho asubuhi tutaanza kazi.

Asubuhi hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Na mpimaji bila wenyeji ni bure kabisa, kwa sababu kazi yetu ilikuwa kuandika mipaka ambayo tayari ipo vichwani mwa watu. Mwenye shamba hutembea mbele akikuonyesha, jirani yake hutembea pembeni akikubali au kukataa, kamati inasikiliza, ndipo wewe unapima. Wasipokuja, una milima na mnyororo tu. Siku ya tatu nilianza kufoka, Katana akaniacha nimalize.

"Bwana mpimaji," akasema, "watu hawa walikupa maji ukayakataa. Huku kwetu anayekataa maji ya mtu amekuja na jambo moyoni. Watakuonyeshaje mpaka wa baba zao?"

"Lakini kuna kanuni, Katana."

"Kanuni iko Kilifi. Wewe uko hapa."

Mchana ule tulipita kwa Mzee Baya, ambaye mji wake, yaani boma lake, haukuwa mbali na tulipolala. Nikapewa maji, nikanywa. Wallahi uso wa mzee yule ulifunguka. Akaita, na mara kuku akaletwa, hai, amefungwa miguu, akawekwa mbele yangu pamoja na kisu kilichonolewa. Nikamtazama Katana.

"Wewe ni Mwislamu," akasema Katana. "Wao si Waislamu. Kwa hivyo mgeni anachinja mwenyewe, ale roho yake ikiwa imetulia."

Sikuwa na habari kwamba watu ambao sisi wa mjini tuliwacheka kwamba hawajui mambo walikuwa wamelifikiria jambo hilo kabla yangu, wakalipangia na utaratibu. Niliona haya, na nilifurahi. Nikapiga bismillahi, nikachinja. Akapikwa kwa chumvi na ndimu tu, akaletwa na sima, na baada ya siku zote zile za tende na mkate wa mofa uliokauka nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Mzee Baya akaniambia kesho tuanze na mpaka wake, ulio karibu. Nikakubali. Ndipo nilipokosea.

Mpaka ule ulikuwa kati yake na Hawe Sidi, mjane wa marehemu ndugu yake. Hawe ndiyo bibi kwa lugha yao, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Mipaka ya milimani ilikuwa ya minyaa, mmea wa utomvu mweupe ambao mnyama hauli, na watu huupanda ukasimama kama ukuta. Hapa minyaa ilikuwepo juu na ilikuwepo chini, lakini katikati moto ulikuwa umeila miaka mingi nyuma, pakabaki pengo refu lenye majani. Kandokando ya pengo hilo palisimama mikorosho mitano mikubwa.

Nikasimamisha fimbo moja kwenye minyaa ya juu, nyingine kwenye ya chini, nikalenga, nikauvuta mnyororo ukalia. Mstari ukaenda sawa kama uzi. Mzee Baya alitembea mbele yangu kimya. Hawe Sidi tulimwona amesimama mlangoni pake, hakuja, na mimi sikumwita. Nilipoandika kipimo cha mwisho daftarini, mikorosho yote mitano ilikuwa upande wa Baya.

Ndipo mama yule akashuka. Alikuwa mwembamba, mfupi, na alikuja bila haraka. Alipoufikia mnyororo alikaa chini juu yake, akanyoosha miguu.

"Mikorosho ile kapanda mume wangu," akasema. "Ndiyo inayonivisha na kunilisha. Nikiondolewa hiyo, nitakwenda kuomba kwa nani?"

"Mama, mimi sikuondolei kitu. Mnyororo ndio umepima."

"Huo haukupima. Aliyepima ni kuku wa Baya."

Wazee wa kamati wakanitazama wote kwa pamoja. Damu ikanipanda, nikajibu jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

"Mnyororo hauli kuku, mama."

"Na wewe je?" akasema.

Kamati ikasimamisha kazi na kupeleka habari Kilifi kwa Afisa, na baada ya siku mbili tukamwona akipanda kilima kwa miguu, kofia mkononi, vumbi mpaka magotini. Hakusalimu kwanza. Aliniita pembeni.

"Ulikula?"

"Nilikula, bwana."

"Kwa nani?"

"Kwa Baya."

"Na kwa huyu mama?"

"Sikula."

Akajifuta jasho. Nilitarajia matusi, yangekuwa nafuu.

"Ungekataa kote, ningekutetea," akasema. "Ungekula kote, pengine ningekutetea. Umekula upande mmoja. Nitakuteteaje? Nalala Ganze leo. Kesho saa sita mchana nitakuwa hapa. Nikikuta watu hawa hawauamini mpaka huu, nakutoa uwandani. Utapanga mafaili mpaka ustaafu."

Nikaona yote yakimalizika: majirani wa vibarazani, mama na pasi yake, jina la Bwana Saumu. Lakini nitawaambia kweli, usiku ulipopita lililonikera zaidi ni lile swali la mama yule. Kulipokucha nilikwenda kwake peke yangu, nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umekuja kupima nyumba sasa?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Hawe. Nilikula kwa jirani yako nikapima bila kukusikiliza. Nimekosa."

Kisha akaingia ndani na kutoka na chungu, akakiweka kati yetu. Kilikuwa kipya, chekundu, hakijaguswa na masizi.

"Tuliposikia mpimaji ni mtu wa Malindi, Mwislamu, nilikifinyanga mwenyewe," akasema. "Hakijaingia kibudu humu, nyama isiyochinjwa, wala hakitaingia. Na kuku wako yupo pale, nimemfunga tangu siku uliyofika. Nawe ukaninyima hata hodi. Ukapita mlangoni kwangu kwenda kwa Baya."

Hapo machozi yalinilenga, nami si mtu wa machozi. Nilidhani mama yule amenikasirikia kwa ajili ya mikorosho. Kumbe alikuwa amenikasirikia kabla sijauvuta mnyororo, na alikuwa na haki mara mbili.

Lakini nikila kwake sasa, Baya naye atasema kuku wa Hawe Sidi ndiye atakayepima. Niliketi kwenye kigoda chake nikawaza, na wazo lililonijia halikuwemo katika kitabu chochote cha upimaji. Nikamwomba achukue chungu, kuku na kuni zake, twende navyo mpakani. Nikamtuma Katana kwa Mzee Baya na ujumbe huo huo: kuku, chungu, kuni, mpakani, na kamati nzima ije.

Mafiga matatu yakawekwa upande huu wa pengo, na matatu upande ule. Nikachinja kuku wawili kwa kisu kimoja, mbele ya wote. Wakati nyama ikichemka nilisimama nikawaambia wazee kwamba nimekosa, kwamba mstari wangu nauweka kando, na kwamba leo tutakula kwanza, wote, kisha nitapima upya. Ila Mzee Baya ataanzia chungu cha shemeji yake, na Hawe Sidi ataanzia chungu cha Baya. Katana alinitazama akatikisa kichwa, nami sikujua kama ananisifu au ananisikitikia.

Tukanawa. Hawe Sidi akapakua, akampa Baya paja la kuku na tonge la sima kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Baya akapokea. Sisi wengine tukaanza kula. Yeye akabaki ameshika.

"Kula, mzee," mwenyekiti wa kamati akamwambia.

"Tangu ndugu yangu azikwe sijala mkononi mwa mwanamke huyu," Baya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikila hiki kisha ninyamaze, kitanikaa hapa." Akajigusa koo. Akakirudisha chakula kwenye sahani, akasimama. "Mpaka haupiti pale alipovuta mpimaji. Alivuta mwenyewe akanyoosha, hakuniuliza, na mimi nikaona mikorosho imekuja kwangu nikanyamaza. Nina wavulana watatu wa kuwagawia. Lakini marehemu alipinda hapa. Aliuzungusha mpaka huku, kwa sababu ya mwamba ule."

Akatembea akatuonyesha, hatua kwa hatua, njia iliyotoka kwenye minyaa ya juu, ikauzunguka mwamba, ikairudia minyaa ya chini. Katana akachukua jembe akachimba pale alipoonyeshwa. Chini kidogo tu ya udongo vikatokea visiki vya minyaa iliyoungua, vyeusi, kimoja baada ya kingine, vimejipanga vile vile alivyosema. Vilikuwepo siku zote. Fundi mzima, na daftari langu na fimbo zangu, sikuwa nimechimba hata mara moja.

Baya akarudi mkekani, akachukua lile paja, akala. Hawe Sidi alimwangalia mpaka alipomaliza, kisha akamwongezea.

Tulipima tena papo hapo, kisiki kwa kisiki, na safari hii ncha moja ya mnyororo aliishika Baya mwenyewe na nyingine aliishika Hawe Sidi, aliyeuvuta kwa nguvu hata Katana akamsihi asije akaukata. Afisa alitukuta kazini. Alivitazama visiki, akavitazama vyungu viwili, akanitazama mimi na mafuta ya kuku midomoni. Akaomba daftari. Nikampa. Aliona ule mstari wa kwanza, nimeupiga mkato mmoja, vipimo vipya kando, na sahihi yangu chini.

"Vizuri," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake katika miaka yote niliyomtumikia.

Kisha Hawe Sidi akapiga magoti mbele yake na kata ya maji. Mtu yule hatukuwahi kumwona akinywa hata tone nje ya chupa yake. Aliitazama kata, akatutazama sisi, akaipokea kwa mikono miwili na kunywa maji yote.

Miaka iliyofuata ya muongo ule niliimaliza milimani, na kwa hiari yangu. Nililala katika nyumba ambazo mwenyeji alinipisha kitanda chake akalala mkekani na wanawe. Nimepewa maziwa ya mgando na watu waliokuwa na mbuzi mmoja. Popote nilipofika niliuliza kwanza mpaka ni wa nani na nani, nikanywa maji kwa wote wawili kabla ya kuufungua mnyororo, na hakuna mpaka wangu wa milimani uliorudishwa Kilifi kwa malalamiko. Hakuna hata mmoja. Hilo nalisema kwa majivuno, na anayetaka aninung'unikie.

Chungu chekundu Hawe Sidi alinikabidhi siku tuliyoondoka Murimani. Alisema hatapata mgeni mwingine wa kukistahili, nikamwambia atapata, akasema basi atafinyanga kingine. Kipo jikoni kwangu Shella, kina masizi sasa. Mke wangu hakitumii ila kukiwa na mgeni.

Siku niliyostaafu ofisi ilinifanyia sherehe, keki na hotuba nyingi. Nilikuwa nikikusanya vitu vyangu mezani alipoingia mpimaji mmoja kijana, mwenye adabu, viatu vyake vinang'aa. Alikuwa akiingiza ramani za zamani kwenye kompyuta. Akanitandazia karatasi ya Murimani, na kidole chake kikafuata mpaka mmoja ulioteremka sawasawa kutoka juu, ukapinda ghafla katikati, kisha ukajinyoosha tena.

"Mzee, samahani kukuuliza siku ya leo," akasema. "Kazi yako yote ni safi. Ila hapa, mkono ulikuteleza?"

Niliinama nikaiona mikorosho mitano, nukta tano ndogo za penseli, upande wake wa haki.

"Usinyooshe hapo, mwanangu," nikamwambia. "Hapo tulikula."